Kitambaa Kwenye Usukani

Kitambaa kilikuwa kimelala matopeni, msomaji, pale pale tulipokiacha Jumamosi iliyopita. Alfajiri kilikuwa chekundu. Sasa kilikuwa rangi ya matope, na katikati yake palikuwa na alama ya kiatu.

Na mahali pa lori palikuwa patupu.

Kathurima alisimama langoni mwa yadi, mkononi ameshika mfuko uliokuwa na diaframu mpya ya breki. Alikuwa ametoka mapema kwenda kuitafuta katika maduka ya vipuri ya Majengo, akiwa amepanga kurudi na kuifunga kabla mtu yeyote hajalihitaji lori lile. Hakumwambia mtu. Alifunga kitambaa kwenye usukani, akaenda zake.

Kwa dereva yeyote mkongwe wa yadi ya Wakiuru, hapo nje kidogo ya mji wa Nyeri, kitambaa kwenye usukani kilitosha. Maana yake ilikuwa moja tu: gari hili ni gonjwa, usiliwashe kabla hujaongea na aliyekifunga. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Theuri aliipokea kwa waliomtangulia, na Kathurima akaipokea kwa Theuri, siku zile Theuri alipokuwa akimfundisha kuendesha.

Gicheru hakuipokea kwa mtu.

Waliokosa gazeti la wiki jana niwaeleze kwa kifupi. Gicheru ana miaka hamsini na mmoja. Alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa mpaka kiwanda kikafungwa. Akaenda shule ya udereva na mvi zake kichwani, akapata leseni ya malori, na mwaka huu Wakiuru akamwajiri. Yadini wanamwita Karani. Kathurima ana miaka thelathini na tisa. Ni mtu wa Meru, na ameishi ndani ya malori tangu alipoanza kunyoa ndevu.

Yadini, umri wa mtu huhesabiwa kwa barabara, si kwa kuzaliwa. Aliyetangulia kushika usukani ndiye mzee. Yeye hunywa chai kwanza na kuchagua safari kwanza. Gicheru alikataa. Alisema mbele ya watu kwamba hawezi kumwita mzee mtu aliyezaliwa wakati yeye yuko darasa la sita.

Siku hiyo wakongwe walikaa kwenye kibanda cha chai cha Shiku wakakubaliana kwamba hawa wapya, kuanzia Karani, wasiambiwe kitu. Wajifunze wenyewe. Theuri ndiye aliyelisema. Kathurima hakusema ndiyo wala la. Aliendelea kunywa chai yake.

Mimi sina haraka ya kuwahukumu. Kila dereva mpya alikuwa anakubali mshahara mdogo, na kila mkongwe alijua kwamba siku moja Wakiuru angekaa chini na kujiuliza kwa nini anawaweka wakongwe. Mtu mwenye hofu hufanya mambo ambayo akiwa ameshiba na ametulia hawezi kuyafanya.

Lakini asubuhi hii lori lilikuwa limekwenda.

Kathurima alimkimbilia Shiku kibandani akamuuliza ni nani amelichukua. Shiku alikuwa akisugua sufuria. Alimweleza bila haraka, kwa sababu hakuona haraka yoyote. Madam Wakiuru alishuka kutoka ofisini akamuulizia Kathurima, akamkosa. Mnunuzi wa viazi kule Kianyaga alikuwa anapiga simu kila saa. Madam akampa Karani funguo, akamwambia aende.

"Na kitambaa?" Kathurima aliuliza.

Shiku akacheka kidogo. Karani alikiona. Alikitoa kwa vidole viwili, akakiinua juu ili wote wakione. Mtakumbuka kwamba wiki iliyotangulia kulipakwa grisi kwenye mkono wa mlango wake, na kabla ya hapo aliwekewa panya aliyekufa chini ya kiti. Alidhani ni mchezo mwingine wa wakongwe.

"Akasema, 'Leo wameishiwa na panya,'" Shiku alieleza. "Akakitupa."

Kathurima hakucheka.

Yeye peke yake ndiye aliyejua lori lile lilikuwa na nini. Jana jioni, alipopita Chaka akitoka Naro Moru na mzigo wa viazi, alisikia upepo ukivuja. Diaframu, ule utando unaosukumwa na upepo ili kubana breki ya gurudumu la nyuma, ilikuwa imepasuka. Akafanya wanachofanya wakongwe wote wakikwama njiani: akaukunja mpira wa upepo na kuufunga kwa waya, kisha akakaza bolti inayoachilia gurudumu ili lizunguke. Halafu akafanya hivyo hivyo upande wa pili, ili gari lisivute upande mmoja. Akalileta yadini kwa gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea.

Maana yake ni kwamba magurudumu ya nyuma hayakuwa na breki yoyote, ya mguu wala ya mkono. Penye tambarare, dereva anaweza asigundue. Lakini barabara ya kwenda Kianyaga haiwezi kukwepa mteremko wa Githima.

Alichomoa simu. Hapo ndipo Theuri alipomshika kiwiko.

Theuri alikuwa ameketi kwenye kona ya kibanda muda wote huo, na alikuwa ameuona mfuko wa diaframu akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Alimvuta kando wakasimama chini ya bati, mvua ndogo ya Nyeri ikidondoka mbele yao. Alimuuliza kwa sauti ya chini atasema nini kwenye hiyo simu.

"Utamwambia ati ulifunga breki ukaacha gari na mzigo, bila kuambia mtu?" Theuri alisema. "Madam anakufuta leo. Na gari ikianguka, hiyo simu ndiyo polisi watakushika nayo. Karani ako na cheti. Wacha cheti imsaidie."

"Theuri, ni Githima."

"Najua Githima. Nimeiteremka kabla uzaliwe. Akienda pole atafika."

Naandika jambo ambalo Kathurima mwenyewe hangependa liandikwe: alisita. Simu ilikuwa mkononi, kidole kiko juu ya jina la Gicheru, na hakulibonyeza. Alimwona mtoto wake Kendi na karo ya muhula. Akaona lango la yadi likifungwa nyuma yake.

Kisha akabonyeza.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

Gicheru hakuwa na hasira naye. Ni kwamba Gicheru hapokei simu akiendesha. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo anavyofanya. Yadi nzima ilikuwa inamcheka kwa hilo.

"Si upigie Kanana," Shiku alisema kutoka jikoni.

Kathurima akageuka polepole. "Kanana gani?"

"Bibi yako." Shiku aliweka sufuria chini. "Ameenda na hiyo gari. Alikuwa na begi. Aliomba Karani lifti mpaka Kianyaga kwa dada yake. Nilidhani unajua."

Hakujua. Usiku uliopita walikuwa wamelala wakipeana migongo, na alipotoka alfajiri Kanana alikuwa amefumba macho. Hakuwa amelala, sasa Kathurima alielewa. Alikuwa anangoja mlango ufungwe.

Alimpigia. Kanana akakata. Akapiga tena, akakata tena. Mara ya tatu simu ikasema mteja hapatikani.

"Ameni-block," alisema, na sauti yake ikavunjika kama ya mtoto.

Shiku alifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu yake mwenyewe na kupiga. Kanana akapokea mara moja. Shiku akabonyeza ili sauti isikike na wote, na kibanda kizima kikajaa ngurumo ya injini.

"Shiku, kama ni yeye amekutuma, mwambie nitaongea nikitaka kuongea."

"Mko wapi?"

"Tumeanza kuteremka Githima. Kuna ukungu."

Kathurima akanyakua simu. Alimwambia ampe dereva. Kanana alimjibu kwamba yeye si tarishi wake, na kwamba amwache Mzee Gicheru aendeshe kwa amani, angalau yeye anajua kumsalimia mtu asubuhi.

Kathurima hakupandisha sauti.

"Kanana. Hiyo gari haina breki za nyuma. Weka simu kwa sikio lake, uweke spika."

Kisha ikaja sauti ya Gicheru, ya upole, kama mtu aliye nyuma ya meza.

"Habari ya asubuhi, Kathurima. Nakusikia. Breki zimekuwa laini tangu kona ya juu. Harufu ya kuungua imeingia ndani."

"Usitegemee breki ya mkono. Haitashika. Nyuma kumefungwa."

"Nani amefunga?"

Theuri alitikisa kichwa. Alikitikisa mara nyingi, akimtazama Kathurima machoni.

"Ni mimi," Kathurima alisema. "Jana. Nilifunga na waya."

Nyuma yao mlango wa ofisi ulikuwa umefunguka. Wakiuru alikuwa amesimama kwenye veranda na kikombe mkononi. Alikuwa amesikia.

"Tangu nije hapo mmeniambia mambo mengi," Gicheru alisema. "Mliniambia nilale chini ya gari nitafute maji ya radieta yanapovuja, na hayakuwa yanavuja. Hili ni la kweli?"

"Ni la kweli."

"Basi niambie nifanye nini."

Msomaji, wale watu wawili hawakuwahi kuongea kwa dakika mbili mfululizo bila mmoja kumdharau mwenzake. Sasa mmoja alikuwa macho na miguu, na mwingine alikuwa kichwa, na kati yao palikuwa na simu ya muuza chai.

Kathurima alimuuliza yuko gia gani. Gicheru alisema ya tano. Kathurima akafumba macho ili aione barabara. Alimwambia ateremke mpaka ya tatu, lakini si kwa njia ya shuleni, kwa sababu kwa mwendo ule gia ingekataa. Akanyage klachi, atoe gia, aachilie klachi, apige mafuta mpaka injini ilie, akanyage klachi tena, kisha aingize.

"Yote haraka. Ukichelewa inakataa."

Walisikia injini ikilia. Walisikia meno ya gia yakisagana. Shiku aliziba masikio.

"Imekataa," alisema Gicheru.

"Rudia."

Meno yakasagana tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Imekataa tena. Na ile ya tano hairudi."

Theuri, ambaye mpaka hapo alikuwa amewapa mgongo, akageuka. "Gari iko frii," alisema. Lori lenye mzigo wa viazi lilikuwa linateremka Githima bila gia wala breki, na chini ya mteremko huo kuna daraja jembamba, na kando ya daraja kuna soko la ndizi ambalo siku kama hiyo hujaa mpaka barabarani.

Ndani ya simu Kanana alikuwa ameanza kuomba kwa Kimeru.

"Karani, sikiliza," Kathurima alisema. "Umepita ile miti ya mikaratusi?"

"Naiona mbele."

"Baada ya miti barabara imekatwa kwa mlima. Kulia ni korongo. Kushoto kuna ukingo wa udongo mwekundu, umesimama kama ukuta. Utalaza gari kwa huo ukingo. Usigonge. Usugue, pole pole, kama mtu anapaka ukuta rangi. Udongo ndio utakuwa breki yako."

Kisha Gicheru akasema, taratibu kama kawaida yake:

"Kushoto ameketi mke wako."

Kathurima alikuwa ameshaliona hilo. Alikuwa ameliona kabla hajamaliza kusema neno ukingo, na alikuwa ameendelea kusema. Hakukuwa na upande mwingine. Kulia ni bonde, na mbele ni watu wa ndizi.

"Najua," alisema. "Kanana."

"Niko."

"Toka kwa kiti. Panda juu ya injini, katikati, mshike Karani kiuno kama ni pikipiki. Miguu ivute yote huku. Usibakishe kitu upande wa mlango."

"Baba Kendi, mimi nilikuwa nakuja kurudi. Nilikuwa naenda tu siku chache."

"Usiongee. Shika."

"Nimeshika."

"Karani, miti?"

"Imepita," alisema Gicheru. "Naona udongo."

Yaliyofuata hayakuwa maneno. Kilikuwa kishindo kilichoanza kidogo, kama mtu anayekwaruza sufuria, kikakua mpaka simu ikashindwa kukibeba. Kioo kilipasuka. Mwanamke alipiga ukelele mmoja. Kisha simu ikanyamaza, na kwenye kibanda wakasikia chai ya Shiku ikichemka na kumwagika motoni.

Theuri alichukua funguo za pikapu yake, na Kathurima akapanda kando yake. Wakiuru aliwafuata kwa gari lake. Njiani Theuri alisema mara moja tu kwamba ukingo ule ni laini msimu wa mvua.

Waliviona viazi kwanza. Vilikuwa vimeenea barabara nzima kuanzia kwenye miti, vingine vimepondwa, vingine vimebingirika hadi karibu na soko. Watu walikuwa wanakimbia kupanda mteremko. Wengine walikuwa wanakimbia na ndoo.

Kisha wakaliona lori. Lilikuwa limeegemea ukingo kama mlevi aliyeegemea ukuta, limesimama. Mlango wa kushoto haukuwapo tena. Wala kiti. Nusu ya kibanda cha dereva ilikuwa imeliwa na mlima.

Kanana alikuwa ameketi kwenye nyasi kando ya barabara, sweta limefungwa kwenye mkono wake na damu imelipita sweta. Kathurima alipiga magoti mbele yake, akataka kumshika. Alimsukuma.

"Mimi nitapona. Nenda umtoe yule mtu. Alinivuta kwake na mkono mmoja, akapinda usukani na ule mwingine. Ndiyo maana usukani ulimwingia."

Usukani ulikuwa umembana Gicheru kifuani. Vijana wa soko walikuwa wameleta mitaimbo, na Kathurima akaingia ndani kupitia mahali palipokuwa na kioo, akakishika kichwa cha Gicheru ili kisianguke. Mvi zake zilikuwa nyekundu kwa udongo. Alikuwa anapumua kwa shida, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

Alifungua macho.

"Watu wa sokoni?" aliuliza.

"Hakuna aliyeguswa. Ulisimamisha, Karani. Ulisimamisha gari."

"Vizuri," alisema Gicheru, na akafumba macho.

Iliwachukua muda mrefu kumtoa. Chuma kilikataa, kikakubali, kikakataa. Kila mtu alikuwa upande wa mbele, wengine wakivuta, wengine wakitoa maagizo, na hakuna aliyetazama nyuma ya lori. Walipomlaza barabarani hakufungua macho tena. Alikuwa hai, lakini mwanamke mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi alimshika mkono kwa dakika moja na hakumwambia mtu alichohisi.

Ndipo polisi wa trafiki na gari la wagonjwa walipofika, na habari nyingine ikateremka nao kutoka juu.

Kathurima alikuwa amemdanganya Gicheru bila kujua. Lori lilipoanza kusugua ukingo, magunia ya juu yalikatika kamba yakarushwa barabarani. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyekuwa anapanda mteremko. Gunia moja lilimwangukia likamsukuma mtaroni, ndiyo maana walipopita hawakumwona. Walimfunika kwa shuka ya Kimasai karibu na miti.

Kathurima alisikia maneno yale akiwa amesimama katikati ya viazi. Neno sugua lilikuwa lake. Alilisema yeye, kwa mdomo wake, akiwa amesimama mahali pakavu penye moto na chai.

Afisa wa trafiki, mtu mnene mwenye koti la mvua, alitoa amri. Dereva apelekwe hospitali, na konstebo aende naye. Akiamka atajibu shtaka la kusababisha kifo kwa kuendesha ovyo. Konstebo alipanda kwenye gari la wagonjwa na pingu mkononi, akaketi karibu na mtu asiyeweza hata kuinua kidole.

Wakiuru alimsogelea Kathurima. Hakuwa mwanamke mbaya, na sitaki mtu amsome vibaya. Alibaki na yadi ile mume wake alipofariki, na nyumba nyingi zinakula kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka alipokuwa akisema. Alimweleza Kathurima kwamba Gicheru atatunzwa, mke wake na watoto wake watatunzwa, yeye mwenyewe ataahidi mbele ya kanisa. Lakini gari la yadi yake likijulikana lilitoka na breki zimefungwa, hakutakuwa na yadi. Wote watarudi nyumbani, wapya na wakongwe.

"Alikuwa mpya," alisema. "Watu wataelewa. Dereva mpya, ukungu, mteremko. Wewe nyamaza tu, Kathurima. Mimi sikusikia kitu pale kwa Shiku."

Kathurima alimtazama Kanana. Alikuwa anafungwa mkono na yule mwanamke muuguzi, na macho yake yalikuwa kwa mumewe. Hakumfanyia ishara yoyote. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja alfajiri mlango ufungwe.

Afisa alikuwa anazunguka lori. Aliuliza kwa sauti, akiwauliza watu wote waliosimama pale, ni nani aliyeliendesha gari hili kabla ya huyu mzee.

Wakiuru alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," alisema Kathurima.

"Jana?"

"Jana. Na breki za nyuma nilizifunga mimi. Kushoto na kulia. Huyu mzee hakuambiwa na mtu yeyote. Hata mngekuwa nyinyi, afande, hamngeisimamisha kwa breki."

Mtu aliyekuwa na ndoo ya viazi aliiweka chini. Wakiuru alifunika uso kwa leso. Na Kathurima, msomaji, alisikia kitu ndani yake kikilegea, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaelekea nyuma ya lori, akamwambia afisa aje aone. Aliinama, akaingiza kichwa kando ya gurudumu.

Akabaki pale.

Waya haukuwapo. Mpira wa upepo ulikuwa umenyooka mahali pake, umefutwa matope. Bolti aliyoikaza kwa mikono yake mwenyewe ilikuwa imelegezwa na kurudishwa kama inavyotakiwa. Alizunguka upande wa pili, upande wa ukingo, akajipenyeza kati ya udongo na chuma mpaka shati likachanika. Huko pia waya haukuwapo.

Afisa aliinama naye, akamulika kwa tochi, akachukua muda wake.

"Mimi naona breki kama zilivyotoka kiwandani," alisema.

Kathurima alisimama wima. Juu ya vichwa vya watu alimwona Theuri. Alikuwa amesimama peke yake karibu na pikapu, kofia imelowa, mikono yote miwili ameizamisha ndani ya mifuko ya koti. Magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo mwekundu. Hakuwa anaomba chochote. Alikuwa anamtazama Kathurima kama baba anavyomtazama mtoto aliyemtoa matopeni na ambaye hataki kurudi nyumbani.

Gari la wagonjwa lilipiga honi, likaanza kupanda mteremko na Gicheru na konstebo na pingu. Kanana aliinuka kwenye nyasi.

"Nyinyi watu wa malori mnajua kusaidiana," alisema afisa, akifungua kalamu. "Huyu dereva ni rafiki yako?"

"Hapana."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi nieleze polepole, niandike." Afisa aliinua macho. "Kama wewe ndiye uliyezifunga, ni nani aliyezifungua?"